Splaini na polilaini: ipi ya kutafutia umbo, ipi ya kumpa fundi

Splaini ni mpindo laini ambao kompyuta huuhesabu kutoka pointi chache; polilaini ni mnyororo wa mistari na matao. Fundi wa mawe hana splaini. Ana kigingi, uzi na tepu, na kwa vitu hivyo vitatu anaweza kuweka ardhini mambo mawili tu: mstari ulionyooka na tao lenye kitovu. Mashine ya plazma inayokata maua ya mageti Nakuru haimzidi kwa mengi. Katika amri inazosoma, G1 ni mstari, G2 ni tao la kufuata mshale wa saa, G3 ni tao la kwenda kinyume. Sarveya anayetafuta bikoni, yaani alama za mpaka wa ploti, anataka koodineti, basi. Splaini huishi ndani ya kompyuta yako, na siku mchoro unapotoka mlangoni lazima mtu au programu fulani iivunje vipande vipande. Heri uivunje wewe mwenyewe ukijua kosa lake ni milimita ngapi, kuliko kumwachia mwingine abahatishe.

Kwa kutafuta umbo, hata hivyo, splaini haina mpinzani. Anayejaribu kuchora ua la geti kwa matao matupu atamaliza mchana mzima na bado mstari utaonekana umevunjika shingo mahali. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kazi kwa kazi: ukuta uliopinda, geti, mto na kontua (mistari ya ramani inayounganisha mahali penye kimo kimoja). Amri zimeandikwa kwa herufi kubwa kama zinavyochapwa kwenye AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta. Programu nyingine nyingi zinazosoma DWG, faili la AutoCAD, hufuata amri hizo hizo kwa kiasi kikubwa.

Zilivyo ndani

Polilaini ni mnyororo wa vipeo. Kati ya kipeo na kipeo pana mstari ulionyooka au tao, na tao lenyewe hutunzwa kama namba moja tu: tanjenti ya robo ya pembe yake. Sifuri ni mstari, moja ni nusu duara. Ndiyo maana urefu, eneo na ofseti (nakala sambamba kwa umbali fulani) ya polilaini hutoka kamili bila kukadiria, na faili hubaki dogo. Polilaini pia hubeba upana, jambo ambalo splaini haiwezi.

Splaini ilianza kama kitu cha kushikika. Wajenzi wa meli na wachoraji wa zamani walipinda ufito mwembamba wa mbao, wakaushikilia kwa vizito vya risasi, kisha wakapitisha penseli ubavuni mwake. Ukitaka kuielewa kwa mkono, pigilia misumari mitano kwenye ubao isiwe mstari mmoja, pitisha ufito kati yake, kisha sogeza msumari wa katikati sentimita mbili. Ufito wote utajisogeza kidogo, hata kule mwisho ambako hukugusa. Splaini ya pointi za kupitia, ile inayotoka mpangilio wa SPLMETHOD ukiwa 0, hufanya vivyo hivyo. Weka SPLMETHOD 1 na utapata pointi za kuvuta, zilizo nje ya mstari. Ukisogeza moja, ni sehemu ya jirani tu inayocheza. Anza na za kupitia kupata umbo, kisha rekebisha kwa za kuvuta (CVSHOW huzionyesha, CVHIDE huzificha).

Ipo pia splaini ya tatu, ya bandia, nayo huwachanganya wengi: ile ya PEDIT, amri ya kuhariri polilaini, kisha Spline. Hiyo ni polilaini iliyolainishwa kwa vipande vifupi. Tutaikuta kwenye kontua, maana ndiko inakofanya madhara.

Hesabu moja ya kubeba kichwani

Ukibadilisha mpindo kuwa vipande vilivyonyooka, kila kipande hukatiza njia na kuacha pengo kati yake na mpindo halisi. Kwa vipande vifupi, pengo hilo ni:

urefu wa kipande × urefu wa kipande ÷ (8 × nusukipenyo)

Ukingo wa barabara wenye nusukipenyo cha mita 20, ukivunjwa kwa vipande vya mita 1, unapotea kwa 1 ÷ 160, yaani milimita 6 na kidogo. Hakuna atakayeiona. Igeuze hesabu upate urefu wa kipande unaoruhusiwa: kipeuo cha pili cha (8 × nusukipenyo × pengo unalokubali). Kila unaposikia mtu akisema “weka ubora wa juu kabisa uwe salama”, rudi kwenye hesabu hii. Ubora wa juu kabisa ndio unaofanya faili liwe zito na mashine itetemeke.

Ukuta uliopinda

Chukua ukuta wa bustani au njia ya gari kwenye ploti ya mteremko, kama zilivyo nyingi kuelekea vilima vya Riat, Kisumu. Mchoraji amepiga splaini nzuri, akaipa ofseti ya milimita 200 upate unene wa ukuta, akachapisha. Fundi anauliza, “Kitovu kiko wapi?” Hakipo. Splaini hubadilisha nusukipenyo kila hatua, na ofseti yake huwa ni splaini nyingine ya kukadiria yenye pointi za kuvuta nyingi zaidi.

Usiigeuze kwa amri. SPLINEDIT itakupa matao, lakini yatakuwa kumi na kitu, kila moja na nusukipenyo cha ajabu kama 7314.8, na fundi atacheka. Itumie splaini kama picha ya chini, kisha chora upya juu yake:

1. Weka splaini kwenye leya (tabaka la mchoro) ya peke yake, ifunge na uipe rangi hafifu.

2. Kwa PLINE chora mifupa ya mistari iliyonyooka inayogusa splaini pale inapokaribia kunyooka. Mpindo wa herufi S kwa kawaida unahitaji mistari mitatu tu.

3. Piga FILLET, kisha R, uandike nusukipenyo cha namba nzima kwa milimita: 9000, 12000. Rudia kwa kila kona. Matao yatagusa mistari bila kuvunjika kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya FILLET.

4. Sasa ofseti ya 200. Kwa mpindo wa S itatoka na matao ya 9200 na 11800, namba ambazo mtu anaweza kuzipima.

5. Andika kwenye mchoro nusukipenyo, na umbali wa kila kitovu kutoka kwa bikoni mbili au kona mbili za nyumba. Kutoka kitu kimoja hakutoshi.

FILLET ikikataa, karibu kila mara mstari wa kati ni mfupi. Kila tao hula mstari kwa nusukipenyo mara tanjenti ya nusu ya pembe ya kugeuka. Tuseme kona ya kwanza inageuka digrii 60 kwa mita 9: inakula mita 5.20. Ya pili inageuka digrii 40 kwa mita 12: inakula 4.37. Jumla 9.57, na mstari wa kati wenye mita 10 unatosha kwa shida. Pandisha la pili liwe mita 14 na jumla inakuwa 10.30, hapo hakuna FILLET itakayokubali, na huna haja ya kuitukana programu.

Mara nyingi kitovu huangukia ndani ya nyumba au kwa jirani, na uzi hauwezi kupita. Basi mpe fundi uzi ulionyooka na vipimo vya kutoka uzini. Tao la mita 9 lenye digrii 60 linakaa juu ya uzi wa mita 9 kamili. Kutoka katikati ya uzi kwenda kila upande: katikati kabisa pima mita 1.206, mita 1.5 pembeni pima 1.080, mita 3 pima 0.691, mita 4.5 ni mwisho, sifuri. Vigingi saba, na mpindo umekaa. Kwenye kompyuta vipimo hivyo hupatikana kwa kuchora mistari ya wima juu ya uzi, kuikata kwa TRIM kwenye mpindo na kuipa dimensheni. Njia hii inafanya kazi hata kwa splaini isiyo na kitovu, kwa hiyo kama mteja ameng’ang’ania umbo lake la splaini, hapa ndipo pa kumridhisha.

Jiwe lenyewe nalo ni kipande kilichonyooka, jambo ambalo wachoraji husahau. Jiwe la milimita 390 kwenye nusukipenyo cha mita 9 linaacha pengo la milimita 2, na plasta inalimeza. Kwenye nusukipenyo cha mita 1.5 pengo linafika karibu milimita 13, na fundi atalazimika kukata mawe katikati ili lishuke hadi 3 hivi. Kama mchoro wako una kona ya mita 1.5, hesabu ya mawe na ya siku za kazi inabadilika.

Geti la maua, kwa plazma

Hapa splaini ina kazi halali kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho. Bamba la kawaida ni futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Chora mstatili huo kwanza ujue mipaka yako, kwa sababu geti la futi 12 litahitaji kuunganishwa mahali na ni bora uamue wewe wapi.

Ingiza picha ya ua kwa IMAGEATTACH. Ipe ukubwa wake kwa SCALE na chaguo la Reference, ukitumia kipimo kimoja unachokijua. Sasa piga SPLINE, na hapa ndipo wanaoanza hukosea: hubofya pointi kila milimita kumi wakidhani wanapata usahihi. Wanachopata ni mtetemeko wa mkono wao, uliohifadhiwa milele. Mpindo wa herufi S unahitaji pointi tano, au saba ukiwa mgumu: mwanzo, mwisho, vilele vya mpindo, na pale unapobadilisha upande. Kama mstari unafanya kitanzi au unaruka nje kati ya pointi zilizo karibu na zilizo mbali, badilisha SPLKNOTS kutoka 0 iwe 1 kabla ya kuchora; mpangilio huo huvumilia zaidi pointi zenye nafasi zisizolingana.

Maua mengi huchorwa nusu na kupinduliwa kwa MIRROR. Splaini isipokatiza mstari wa kioo kwa digrii 90, katikati patatokea ncha kama ya jani la mhindi. Ndani ya SPLINE tumia T upange mwelekeo wa kuanzia na wa kumalizia, ukiwa umewasha ORTHO, inayolazimisha mistari iwe ya wima au ya mlalo.

Umbo likikuridhisha, fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Nakili splaini zote kwenye leya ya akiba, kisha igandishe. Kugeuza splaini kuwa polilaini ni njia ya kwenda tu. Ukirudisha polilaini iwe splaini kwa SPLINE na chaguo la Object, hupati ile ya kwanza.

2. Andika PLINECONVERTMODE uipe 1. Ikiwa 0, splaini huvunjwa kwa vipande vilivyonyooka. Ikiwa 1, kwa matao. Kwa mashine inayojua G2 na G3 matao ni bora mara nyingi: yanafuata mpindo kwa vipande vichache na mkato unatoka laini.

3. Piga SPLINEDIT, chagua splaini, kisha chaguo la kugeuza kuwa polilaini. Itauliza usahihi kati ya 0 na 99, na yenyewe hupendekeza 10. Namba hiyo si milimita. Anza na 10, pima, ndipo uamue kupanda au kushuka.

4. Pima kwa kuyeyusha leya ya akiba, kukaribia mahali palipopinda zaidi, na kutumia DIST kati ya splaini na polilaini. Mkato wa plazma wenyewe una upana wa milimita moja na nusu hivi, kwa hiyo pengo la 0.1 linatosha kabisa. Kutafuta 0.01 ni kujisumbua.

5. Unganisha kwa PEDIT, kisha M, chagua vyote, kisha J, na umbali wa kuvumilia wa 0.05. Angalia kwenye Properties kwamba Closed ni Yes. Ncha mbili kugusana machoni si kufungwa. Programu ya kupanga mkato ikiona umbo lililo wazi haitajua ndani ni upande gani, na haitafidia upana wa mkato.

6. Piga OVERKILL. Mistari miwili iliyolaliana haionekani kwenye skrini, lakini plazma itapita mara mbili na kuchoma ukingo.

Onyo kuhusu hatua ya 5: usitumie JOIN ya kawaida kabla ya kugeuza. JOIN ikikuta splaini moja kati ya mistari kumi iliyonyooka, hugeuza yote kumi kuwa splaini. Umbo halibadiliki machoni, ila mistari yako iliyonyooka sasa itavunjwa vunjwa kama mipindo.

Kwa nini vipande vingi ni hatari? Chukua mpindo wenye nusukipenyo cha milimita 60. Kwa pengo la 0.1, hesabu ya hapo juu inaruhusu vipande vya milimita 6.9; kwa nusukipenyo cha 300, vipande vya milimita 15.5. Sasa tuseme mchoraji ametoa vipande vya nusu milimita. Mashine ikikata kwa milimita 3,000 kwa dakika, hizo ni 50 kwa sekunde, yaani amri mia moja kila sekunde. Kidhibiti cha bei nafuu kinachopokea amri kwa waya wa USB kinaweza kushindwa kuzisoma kwa kasi hiyo. Kitapunguza mwendo, kitasita, na kila kinaposita moto unabaki pale pale ukila chuma. Matokeo ni ukingo wenye meno madogo, na fundi atasema mwenge umeisha. Kabla ya kununua mwenge mpya, fungua faili la mkato uone kama mistari yote ni G1 yenye hatua fupi. Kama ulitoa matao na bado unaona G1 tupu, programu ya katikati ndiyo iliyoyavunja, na ina mpangilio wake wa kosa linaloruhusiwa.

Faili lipeleke kama DXF, aina ya faili la mchoro inayosomwa na programu nyingi. Toleo la R12 halina kabisa kitu kinachoitwa splaini, kwa hiyo likihifadhiwa humo kila splaini iliyosalia hugeuzwa polilaini yenyewe, kwa kipimo usichokichagua. Ni sababu ya kugeuza mwenyewe mapema, na pia ni kipimo kizuri: hifadhi R12, lifungue upya, na kama kuna kilichobadilika basi kuna splaini uliyoisahau. R12 pia haibebi habari za vipimo. Weka mraba wa milimita 100 pembeni mwa mchoro ili fundi aupime kwenye skrini yake. Geti lililotoka la inchi badala ya milimita ni hasara ya bamba zima.

Na kwa kuwa tumefika hapo: umbo lililofungwa ndani ya jingine hudondoka. Jina la mwenye boma likiwa na O au A, acha vidaraja vya milimita 4 au 5, la sivyo mteja atapokea mashimo.

Mto, ukingo wake na kontua

Kwenye ramani, kanuni hukaza. Mpaka wa ploti haupigwi kwa splaini kamwe, hata kwa muda. Bikoni huunganishwa kwa mistari iliyonyooka na eneo huhesabiwa kutoka kwenye koodineti zake. Jaribu kupitisha splaini iliyofungwa kwenye pembe nne za ploti ya futi 50 kwa 100: itavimba nje ya kila ubavu na kukupa ardhi ambayo haijawahi kuwepo.

Mto ni habari nyingine, maana kwa asili umepinda. Tuseme pointi za ukingo wa mto Kibos, Kisumu, zimechukuliwa kwa GPS kila mita kumi na kitu, kila moja na kimo chake. Kabla ya kuchora chochote andika OSNAPZ uipe 1. Usipofanya hivyo, splaini itapanda na kushuka kufuata vimo; juu inaonekana sawa, lakini ofseti na hachi (mistari ya kujaza eneo) zitagoma, na utapoteza saa nzima ukitafuta pengo ambalo halipo. Kama imeshatokea, FLATTEN iliyomo kwenye Express Tools huilaza, ila kumbuka inaigeuza polilaini hapo hapo. Polilaini ya kawaida haina ugonjwa huu kwa sababu yote hukaa kwenye kimo kimoja. Ile ya 3DPOLY ndiyo hubeba vimo tofauti, nayo haikubali matao.

Chora ukingo kwa PLINE iliyonyooka kupitia pointi zilizopimwa, na uiache hivyo. Ukitaka sura laini kwa kuchapisha, tengeneza nakala kwenye leya nyingine. Splaini kati ya pointi mbili zilizopimwa ni dhana yako tu. Hakuna aliyesimama pale na GPS. Kwa ramani ya 1:500 unene wa kalamu wa milimita 0.2 ni sentimita 10 ardhini, kwa hiyo kona ya mto yenye nusukipenyo cha mita 25 inaweza kuvunjwa kwa vipande vya mita 4.5 hivi na karatasi isijue.

Kazi ngumu ni ukanda wa hifadhi ya mto. Upana wake utapewa na mwenye mamlaka, na mara nyingi huangukia kati ya mita 6 na 30. Ukishaujua, unapiga OFFSET. Hapo angalia OFFSETGAPTYPE. Ikiwa 0, ambayo ndiyo ya kawaida, programu hurefusha mistari hadi ikutane upande wa nje wa kona. Mto ukigeuka digrii 90 kwenye kipeo kimoja, ukanda wa mita 30 utafika mita 42.4 kutoka kwenye kipeo hicho. Hizo mita 12.4 za ziada ni futi 40, karibu upana wa ploti nzima ya futi 50, na mwenye shamba atakuwa na haki ya kupiga kelele. Weka OFFSETGAPTYPE 1: kona ya nje itazungushwa kwa tao la mita 30, ambalo ndilo umbali wa kweli. Upande wa ndani wa kona kali, ofseti hukatwa na kubaki pembe. Hilo ni sahihi, usijaribu kulilainisha. Kwa splaini hakuna kona za kuzungusha, lakini ofseti yake ni ya kukadiria, na kwa jambo litakalogombaniwa kadirio halifai.

Kontua nazo huharibiwa na tamaa ya urembo. Programu imetoa kontua za mistari iliyovunjika, mchoraji anachagua zote, anapiga PEDIT, M, kisha Spline. Zinapendeza ajabu. Lakini chaguo la Spline halipiti kwenye vipeo. Linavutwa kuvielekea tu, isipokuwa mwanzo na mwisho. Kontua ya mita 1,150 sasa inapita pembeni mwa pointi iliyopimwa kuwa 1,150, na kwenye miteremko mikali kontua mbili zinaweza kukatana, jambo ambalo ardhi haiwezi. Chaguo la Fit hupita kwenye kila kipeo kwa jozi za matao. Lina kasoro zake, linavimba pale vipeo vinapokuwa na nafasi zisizolingana na faili linanenepa, lakini halihamishi kipimo. Ukishakosea, Decurve humo humo kwenye PEDIT hurudisha mistari ya awali, mradi hujapiga EXPLODE. Na kama kontua za vistari vistari zinatoka nzima kwenye kona zenye vipeo vingi, kosa si la kontua: weka PLINEGEN 1, au kwa zilizopo tumia Ltype gen ndani ya PEDIT, ili mfuatano wa vistari uhesabiwe kwa urefu wote badala ya kuanza upya kila kipeo.

Tatizo la mwisho ni la koodineti zenyewe. Katika UTM, mfumo wa koodineti za mita uliogawanywa kwa kanda, Kisumu iko kanda ya 36 kusini, ambako namba za kaskazini zinakaribia milioni kumi: mjini ni kama 9,989,000. Ukivuka ikweta upande wa Maseno kuelekea Kakamega namba hizo huanza upya karibu na sifuri kama faili lako liko kanda ya 36 kaskazini, na mji wa Nakuru, kwa kuwa uko mashariki kidogo ya nyuzi 36, umeangukia kanda ya 37. Faili mbili zisizokutana zikaguliwe hapo kwanza. Namba kubwa hivyo pia hula usahihi wa kuchora: hachi hukataa kujaa, mipindo midogo huonekana imevunjika, na splaini zenye pointi zilizobanana ndizo huonyesha ugonjwa kwanza. Kwa kazi ya maelezo madogo, hamisha nakala nzima kwa namba za mviringo, kwa mfano toa 690,000 mashariki na 9,980,000 kaskazini, andika namba hizo kwenye kona ya mchoro kwa maandishi makubwa, fanya kazi yako, kisha irudishe kwa MOVE kwa namba hizo hizo. Baada ya kuirudisha, soma koodineti za bikoni mbili kwa ID uzilinganishe na za sarveya kabla ya kumtumia mtu yeyote.